Skrini ya Tatu ya Muhuri

Jumatatu saa nne asubuhi fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo, alipanda ghorofa ya pili mara tatu, kila mara na skrini moja mpya kifuani. Mkuu wa idara, ambaye wafanyakazi walimwita Muhuri kwa kuwa kugonga muhuri ndiyo kazi pekee waliyowahi kumwona akiifanya, aliziagiza baada ya kugundua kwamba mkuu wa idara ya jirani anazo mbili. Fundi alipotambaa chini ya meza kutafuta soketi, Muhuri hakusogeza hata miguu.

"Mashine yako inabeba skrini mbili tu za nje, bosi," fundi alisema kutoka huko chini. "Ya tatu haitawaka."

"Mimi nimeagiza tatu."

"Ndiyo, ila mashine ndiyo inayokataa, si mimi."

"Basi iambie ni mimi nimesema."

Fundi aliunganisha mbili, akaiweka ya tatu mezani bila waya wowote, ilimradi idadi itimie. Ikawaka.

Ndani yake alionekana karani wa idara, aliyefariki miezi miwili nyuma. Alikuwa amekaa kwenye meza ndogo, anachapa, na sweta lake la kijivu lililotoboka kiwiko. Fundi alilijua tobo lile. Karani alikuwa dada yake, wa tumbo moja.

"Afadhali," Muhuri alisema. "Ripoti ya robo mwaka imelala."

Akaishika ripoti kwa kipanya, akaiburuta mpaka skrini ya tatu. Karani akaipokea, akaisoma, akashusha pumzi, akaanza kazi. Kabla ya saa saba ilikuwa imerudi imenyooka, na jina la Muhuri chini yake, kama zilivyorudi ripoti zote kwa miaka kumi na tisa.

Wafanyakazi walikuja kuchungulia mmoja mmoja. Mhasibu alisema karani amenenepa kidogo. Mama wa mapokezi aliuliza kama angeweza kumsukumia na yeye barua zake mbili tatu. Hakuna aliyemsalimia, maana hata alipokuwa hai hawakuwa na mazoea hayo.

Fundi alingoja watoke, akaivuta kibodi ya Muhuri bila kuomba ruhusa, akaandika: *Dada, mbona hupumziki?*

Karani aliyasoma maneno, akajibu: *Sijaruhusiwa. Niliomba likizo ya ugonjwa mara tatu. Nangoja jibu.*

Fundi akatafuta kwenye barua za Muhuri, akayakuta maombi yote matatu. Hayakuwa yamefunguliwa. Mialiko ya semina, iliyoyazunguka juu na chini, ilikuwa imefunguliwa yote.

"Bosi, gonga 'kubali' hapa tu, aende zake," alisema.

Muhuri aliyasoma maombi, na ilimchukua muda, maana kusoma hakukuzoea.

"Anasema anaumwa."

"Aliumwa. Akafia chumba cha mafaili, pale pale ulipomwambia amalize kwanza."

"Mgonjwa anachapa hivi?" Muhuri akaelekeza kidole kwenye skrini. "Mtazame. Hata kukohoa hakohoi. Nikimpa likizo, ripoti ataandika nani?"

"Wewe."

Muhuri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa akiweweseka.

"Kila mtu na kazi yake, mama," alisema, akayafunga maombi.

Fundi aliinama, akachomoa plagi ukutani. Skrini mbili zikazimika, ya tatu ikaendelea. Akaigeuza ielekee ukutani, lakini mlio wa vidole ulisikika vile vile. Akairudisha ilivyokuwa, kwa kuwa aliona si adabu kumpa dada yake ukuta.

Mwisho wa mwaka Muhuri alitangazwa mchapakazi bora, akapandishwa cheo mpaka ghorofa ya tano. Hotuba yake ya shukrani iliandikwa na marehemu asubuhi ile ile. Ilikuwa nzuri mno, na mhasibu alifuta machozi. Karani hakutajwa, mwenyewe hakujiandika, na Muhuri hakuwa mtu wa kuongeza neno lake.

Siku ya kuhama lifti ilikuwa mbovu. Wapagazi wawili walitaka kuibeba skrini kichwa chini miguu juu. Fundi akawanyang'anya, akaikumbatia, akaanza kupanda ngazi taratibu. Kila kona alisimama kidogo, ili dada yake apate kuinua macho waonane. Dada yake alikuwa na ripoti ya idara mpya, nene kuliko zote, na hakuinua.

Nyuma yao alipanda Muhuri, mikono mitupu, akihema.

"Polepole," alisema. "Ukimtikisa atakosea herufi."