Upande wa Kushoto wa Mama Mkwe

Mtoto mwenyewe aliitwa Mbona, na si kwamba wazazi walikosa jina la kumpa. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Nyumbani alikuwa Mbona tangu alipoanza kuunga maneno, maana hakufungua kinywa bila neno hilo. Mbona kuku akinywa maji anaangalia juu? Mbona ng'ombe anatafuna na hajapewa kitu? Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa akisema siku ya kiyama mtoto huyu atamuuliza malaika maswali kabla hajaulizwa yeye.

Basi mwaka huo Mbona alikuwa na jambo moja tu kichwani. Maonyesho ya mifugo yalikuwa yanakaribia, na shuleni walitangaziwa kwamba kijana atakayeshika namba moja atazunguka na daktari wa mifugo likizo nzima, akae kiti cha mbele cha gari lake na aone kila anachofanya. Wenzake walitaka utepe mwekundu wa mshindi. Mbona alitaka kiti. Alishamwona daktari huyo, mama mmoja mrefu wa maneno machache, akiingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe wa jirani aliyeshindwa kuzaa, macho kayafumba, anapapasa. Tangu siku ile mtoto hakutulia. Ule mkono ulikuwa unagusa nini kule ndani? Alimuuliza shangazi, na shangazi akamwambia ale, chakula kinapoa.

Mnyama wa kupeleka alikuwa mbuzi wa maziwa, jike jeupe, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Mkwe. Na alistahili! Hakumtazama mtu uso kwa uso hata siku moja. Aligeuza kichwa kidogo, akakukagua kwa jicho lake la kulia toka kwenye ndala mpaka nywele, kana kwamba anapima kama unafaa kuoa kwake.

Mbona alimshughulikia kweli kweli. Alimkata kwato, akamchana manyoya, akamwosha mpaka shangazi akaikuta sabuni yake ya kuogea imeota manyoya. Siku hiyo palisemwa mengi, tuyaache. Kazi kubwa ilikuwa kumfundisha kutembea na kamba. Uwanja wao ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila asubuhi walizunguka nyumba: ukuta mkono wa kulia, mbuzi katikati, Mbona kushoto. Hivyo Mama Mkwe alikwenda kwa madaha, bega lake limeegemea paja la mtoto njia nzima. Mara mbili tatu Mbona alijaribu kuhamia upande wa pili, na mbuzi akagoma, miguu yote minne kaikita chini. Mbona akaona ni jeuri tu, akamchapa kofi la mgongo na kurudi kushoto. Mtu wa kuuliza kila kitu, hilo hakuliuliza.

Siku ya maonyesho uwanja ulijaa vijana waliokumbatia sungura na kuku, wengine wanavutana na ndama wasiotaka kuvutwa. Langoni mkaguzi alimtazama Mama Mkwe meno na kwato, akampitisha, huku akiwakumbusha wote kwamba mnyama mwenye kasoro ya mwili hashindani. Ndani ya ulingo hakimu alikuwa daktari mwenyewe. Alieleza kwamba mnyama anatakiwa kuwa kati ya kijana na hakimu wakati wote: hakimu akihama upande, na wewe uhame, usimzibie.

Walitolewa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili, Mbona na kijana mmoja mwenye kondoo. Kondoo yule alikuwa ameshakula kifungo cha shati la kijana wake na sasa anatafuta cha pili. Mambo yalikuwa wazi hata kwa asiyejua mifugo. Shangazi, kule kwenye uzio, alishaanza kuwaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyemlea.

Ndipo daktari, ambaye muda wote alikuwa kulia, akahamia kushoto kwa mbuzi. Mbona akapita mbele haraka, akasimama kulia. Mama Mkwe akasimama pale pale kama gogo.

Watu wakacheka. Mmoja akasema mvute, mwingine akasema msukume. Mbona alishika kamba aivute, halafu akaona kitu. Mbuzi alikuwa anageuza kichwa kuelekea kushoto, anakizungusha mpaka shingo inakunjika, kama mtu aliyepotelewa. Anatafuta nini? Mbona akanyoosha kiganja karibu na jicho la kushoto, polepole, kisha ghafla. Jicho tuli. Akafanya vile vile kulia, na jicho likapepesa. Akarudia kushoto. Tuli tena.

Sasa hapo ndipo penye mtihani. Daktari alisogea na kuuliza kuna nini. Ilitosha kumwambia mbuzi kashtushwa na kelele, kisha arudi upande aliouzoea na kiti kiwe chake. Mbona alilijua hilo. Lakini mbele yake alisimama mtu pekee anayeweza kumjibu, na swali lilikuwa limeshafika mdomoni.

“Daktari,” alisema, “mbona jicho hili halipepesi?”

Daktari alipiga magoti, akatoa tochi ndogo mfukoni na kummulika mbuzi kwa muda mrefu. Jicho lilikuwa safi kama mwenzake, ndiyo maana halikumshtua mtu.

“Haoni upande huu,” alisema. “Nadhani hajawahi kuona.”

Kumbe! Kumbe Mama Mkwe hakuwa na jeuri wala maringo. Alitaka tu pawe na mtu pale asipoona, na kila asubuhi alimwegemea mtu huyo apate kujua njia iko wapi. Mbona alikumbuka kofi lile, akaona aibu, kisha akakumbuka kiti, na machozi yakamtoka kwa yote mawili kwa pamoja. Sheria ni msumeno. Utepe ulikwenda kwa kijana wa kondoo, akapigwa picha shati likiwa wazi kifuani.

Shangazi alimpokea kwa ukali, akimuuliza angenyamaza angepungukiwa nini, ulimi wake huo utamponza mpaka lini. Lakini alikuwa anamfuta uso kwa upindo wa nguo yake huku akimgombeza, na alikuwa anafuta taratibu.

Walikuwa wanamfungua Mama Mkwe kamba ili warudi nyumbani, gari la daktari likasimama kando yao. Kijana wa kondoo alikuwa ameshakaa mbele, amejifunga mkanda. Mbona alitazama chini. Daktari akatoa kichwa dirishani.

“Kiti cha mbele ni cha mshindi,” alisema, “na hilo halibadiliki. Nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja, kati ya ndoo na madumu. Likizo nzima, kama shangazi ataridhia. Ila nikwambie ukweli, huko nyuma kunanuka.”

Mbona alifuta pua kwa kiganja, akalisogelea gari.

“Kunanuka nini?” aliuliza.