Mashine Iliyoketishwa Kabla ya Safari

Kwetu Leningradi mtu haanzi safari bila kuketi kwanza. Hata kama treni inamwacha, ataketi kimya kidogo, ndipo aondoke. Mkuu wetu wa maabara, Arkadi Savelyevich, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti asiyeamini Mungu wala shetani, naye huketi, ila hujifanya anafunga kiatu.

Asubuhi hiyo ya Februari, jenerali kutoka Moscow alikuwa anakuja kutazama mashine yetu ya miguu sita, tuliyoiunda ikatembee mwezini. Ikivuka ua wa maabara, tumepona. Isipovuka, maabara inafungwa na sisi tunapelekwa kuunda majokofu.

"Tuketi," akasema Kapitolina Markovna, fundi wetu wa umeme. Tukaketi. Akaionyesha mashine kwa kidole. "Na huyu je? Si ndiye msafiri mwenyewe?"

"Wee mama, hicho ni chuma!" Arkadi akafoka.

"Haya. Kikianguka huko uani, usinitazame mimi."

Arkadi akaguna, kisha akabonyeza kitufe. Mashine ikakunja miguu, ikaketi kwa heshima zake. Sasa kuinuka! Jiko la kupashia chumba joto lilikuwa ndiyo kwanza limewashwa, na mafuta ya miguuni yalikuwa yameganda kwa baridi. Arkadi akabonyeza cha kuinuka, akabonyeza cha kutembea, akaipiga teke. Wapi! Nilitamani kumnyonga Kapitolina kwa mikono yangu.

Mlango ukafunguka, jenerali akaingia. Kwa woga tukaketi tena sote. Alitutazama, akaitazama mashine, akavua kofia.

"Mnaketi kabla ya safari? Safi sana. Marehemu mama yangu angewapenda."

Viti vilikuwa vimejaa. Akaketi juu ya mashine.

Nani amwambie kuwa haiinuki? Jiko likanguruma, mafuta yakalainika taratibu. Ghafla mashine ikatii vitufe vilivyokwisha kubonyezwa, ikainuka, ikatoka mlangoni na jenerali mgongoni, ikavuka ua wote mbele ya wajumbe wake waliokuwa wakingoja nje. Wakapiga makofi. Mimi nililia, sioni haya kusema.

"Hongereni!" jenerali akapaza sauti kutoka huko juu. "Maabara haifungwi! Haya, isimamisheni!"

Miaka yote ile mashine haikuwahi kufika mbali kiasi cha kuhitaji kusimamishwa, na kitufe cha kazi hiyo hakuna aliyekifikiria.

"Ndugu Jenerali!" Arkadi akaita, akikimbia kwenye theluji bila kofia. "Shikilia tu! Mbele kuna ukuta!"