Siasa na Nini

Benchi la steshenari ya Mbwilo ni gumu, foleni haisogei, na dirisha la maombi ya chuo linafungwa leo saa kumi jioni. Mimi ni Tusekile, nimemaliza kidato cha sita, nataka kusoma siasa. Nafumba macho kidogo tu, na benchi linageuka barabara, nami natembea, na barabara inagawanyika, kila njia na kibao chake: Siasa na Historia, Siasa na Uchumi, Siasa na Falsafa, Siasa na Utawala. Nashika ya uchumi, inanirudisha kwenye historia. Njia panda amesimama mtu mwenye kitambulisho cha chuo shingoni. Picha yake haina uso, naye hana. Shikamoo, namwamkia, siasa inasomewa wapi? Anasema, inakosomwa haipo, ilipo haisomwi. Sasa hilo ni jibu? Nimekuuliza njia, mzee, sikukuomba kitendawili. Siasa na nini, ananiuliza. Siasa tu. Hiyo haina kibao, anasema, na ananielekeza mjini.

Mji wote ni vioo, na ndani ya kila kioo yumo baba, huku ameshika joho la sheria, kule ameshika chaki. Soma kitu chenye kazi, mwanangu, wanasema wote kwa pamoja, siasa ni ya walioshiba. Nawaambia bei ya mbolea yetu inapangwa na haohao walioshiba, nami nataka kujua wanaipangaje. Hawanisikii, na hilo linaniudhi kuliko zile barabara. Kila saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kasoro dakika tano. Nimechoka kuulizwa. Napiga kioo ngumi, siasa tu, na nazinduka.

Zamu yangu imefika. Mbwilo amenipa mgongo, anachapa. Namba ya uthibitisho imekwenda kwenye simu ya mzee wako, anasema, si ndiyo uliyojisajilia? Kweli, niliandika ya baba kwa adabu tu, mjinga mimi. Nampigia. Namwomba namba, naye anauliza, siasa na nini, mwanangu?

Siasa tu, baba. Ananitajia namba, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu aliyekubali au aliyechoka, sijui. Mbwilo anaziingiza. Saa ya ukutani ni saa kumi kasoro dakika tano. Kaka Mbwilo, namwambia, hebu geuka nikuone uso. Subiri kwanza, anasema, wala hageuki.