Namba za Angélique

Godelieve alipenda kupima baruti asubuhi, kabla gereji za mtaa wa Jeppestown hazijaanza makelele. Chumbani kwake meza moja ilikuwa ya chakula, nyingine ya risasi: mizani, maganda yaliyosafishwa, na mashine ya mkono ya kushindilia. Alikuwa Mrundi aliyehamia huko na kupata uraia zamani. Kazi yake ilikuwa kufundisha walinzi kulenga shabaha, na kila mwaka alishindana kwa bunduki yake yenye leseni katika klabu moja nje ya mji. Risasi za dukani hakuzitaka. "Bunduki yangu ina chakula chake," alisema.

Angélique alikuwa msusi wa mtaa wa Hillbrow, mji huohuo, mtu wa Lubumbashi. Godelieve alimfundisha kila kitu, toka kubana pumzi na kusoma upepo hadi kufyatua bila kushtuka. Miaka miwili walikula sahani moja. Angélique alimwita Yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

Jumamosi moja walikwenda uwanjani na vipimo vinne vya baruti, risasi tano kwa kila kipimo. Godelieve alilala nyuma ya bunduki. Angélique aliketi kando ya kronografu, kimashine kinachopima kasi ya risasi ikitoka mtutuni, akiandika daftarini.

Walichotafuta ni risasi zinazokwenda kwa kasi moja. Zikitofautiana, kwenye mita mia huoni kitu. Kwenye mita mia nane, yenye kasi hupiga juu na ya polepole hupiga chini.

"Kipimo cha pili?" Godelieve aliuliza bila kuinua jicho kwenye darubini.

"Eish, Yaya, kimeyumba. Tofauti mita kumi na saba kwa sekunde."

"Na cha nne?"

"Tatu tu. Hicho ndicho."

Godelieve akashindilia risasi za mashindano kwa kipimo cha nne.

Klabu ilikuwa na nafasi moja ya kwenda mashindano ya taifa. Siku ya mchujo, uliokuwa wa mita mia nane, upepo ulikuwa umetulia, lakini risasi za Godelieve zilipanda na kushuka kama ngazi. Akalaumu macho yake. Akalaumu umri. Angélique, kwa bunduki ya klabu, akashinda, na Godelieve ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Wiki iliyofuata alifungua kumbukumbu ya kronografu ili aifute. Akakuta kipimo cha pili kina tofauti ya mita tatu. Cha nne, kumi na saba. Akarudia kusoma, daftari mkononi. Kesho yake alikwenda uwanjani peke yake na kipimo cha pili. Kwenye mita mia nane, matundu matano yalifunikwa na kiganja kimoja.

Akamfuata Angélique saluni. Alikuwa akimsuka mteja.

"Angélique, ulikosea kuandika?"

Vidole vikasimama. "Nikisema nilikosea, utaniamini?"

"Nimekuja nikitaka kuamini."

Angélique akainamia kichwa cha mteja. "Umeshakwenda mara tatu, Yaya. Mwaka huu tena ningekubebea begi."

"Ungeniomba nafasi."

"Ungenipa?"

"Ningekupa."

Alitoka bila kuaga. Kwenye robot ya njia panda, akisubiri taa iwake kijani, alijiuliza kama kweli angempa. Hakuwa na hakika, na hilo lilimuuma pia.

Mwenyekiti wa klabu, mzee Yasini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mama, risasi ni zako, daftari ni lako. Kanuni inatazama karatasi ya shabaha tu. Matokeo yatabaki."

"Na mtu aliyeandika uongo?"

"Huyo ni wako kumhukumu."

Angélique alikwenda mashindanoni. Siku ya mwisho alituma ujumbe wa sauti. Nyuma yake watu walisikika wakicheka na kupiga makofi. "Yaya, nimekuwa wa tano! Mikono ilitetemeka, nikakumbuka ulivyonifundisha kupumua. Nitakuletea picha."

Asubuhi iliyofuata Godelieve aliusikiliza mara mbili, akingoja neno samahani. Halikuwemo. Akaizima simu, akaenda kuoga, maana saa nne walinzi wapya walikuwa wakimsubiri.