Wimbo Uliowekwa Kando

Verna alikuwa na nyimbo nyingi, lakini watu wa mbali walimjua kwa mmoja tu, na huo mmoja ndio asioweza kuuimba.

Aliutunga jikoni kwao, mji mdogo wa Derby, akimsuta dada yake mkubwa. Jimbo letu zima la Kimberley hakukuwa na mtu wa kuchelewa kama yule. Gari limeshawashwa, watu wamebanana ndani, mbwa amefukuzwa, na yeye bado anatafuta kiatu cha pili, sauti inatokea dirishani: nisubirini, naja. Kila mara Verna ndiye aliyeshuka kumshikia mlango. Basi kiitikio kikawa hivyo, jina la dada mara tatu, kisha hayo maneno yake. Dada alipousikia alisema, "Umenianika mbele ya nchi nzima, mshenzi wewe," halafu akautaka tena.

Verna hakuwa na kampuni wala meneja. Alirekodi chumbani kwa binamu yake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za kuku, na CD akaziuza nyuma ya gari lake, kwenye sanduku la kuwekea barafu. Redio moja ikaupiga wimbo, ya pili ikaiga, na mara watu wa jiji la Perth, kusini kabisa, ambao hawajawahi kukanyaga vumbi letu wakawa wanaliimba jina lile kwenye foleni za magari.

Kisha figo za dada zikagoma, na hazikurudi kazini.

Kwetu mtu akifa, jina lake linapumzika naye. Kulitaja ni kumwita, kwa hiyo halitajwi mpaka wakubwa wa familia waseme sasa ruksa. Hata mimi silitaji hapa, kwa hiyo msilitafute. Wimbo ukawekwa kando siku ile ile. Redio ya kwetu haikuambiwa mara mbili. Za mbali, hizo ziliendelea tu, nani angezifuata huko.

Verna hakulia. Msibani alitazama maua ya plastiki, akawaza kwamba yanataka kufutwa vumbi. Wanawake walipoangua kilio alifungua mdomo na yeye, hakikutoka kitu. Aliona aibu kidogo, halafu hata aibu ikaondoka. Akarudi barabarani na nyimbo zake nyingine, kwenye baa za wachimba madini, vidole vinafanya kazi na mwenyewe hayupo. Watu walisikiliza kwa adabu wakiusubiri ule, na usipokuja wakarudia bia zao. Mialiko ikapungua. Hilo nalo halikumuuma, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Alidhani kile kilichokuwa kinamtungisha kimezikwa na dada.

Mwenye mamlaka ya kuufungulia wimbo alikuwa mama mdogo Philomena, aliyewalea wote wawili. Mwaliko wa tamasha la mji wa Broome ulipokuja, jukwaa kubwa, mchana, watu kutoka kila pembe, Verna alimwendea akamkuta ameinama kwenye moto anageuza mkia wa kangaruu.

"Wanautaka ule," Verna alisema.

"Najua wanautaka. Wewe unautaka?"

"Sijui, mama. Sisikii kitu."

"Basi bado." Mama mdogo akaufukia mkia kwenye majivu. "Husikii kitu, halafu umwite mtu? Akija utampokea na nini?"

"Nisipouimba hawataniita tena."

"Hawatakuita. Kaa tule."

Kwa hiyo Verna alimwambia Craig, mratibu wa tamasha, kwamba wimbo ule haumo, na kwa nini haumo. Craig akaapa kwamba ameelewa kabisa. Labda alielewa. Ila uwanja mzima wa watu hakuna aliyewaambia.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Familia ilikaa mbele, mama mdogo kwenye kiti cha kukunja, kofia ya timu yake kichwani. Verna aliimba alivyopanga, akashukuru, na hapo mwanamume mmoja aliyeungua mashavu kwa jua akaliita jina la dada. Aliliita kwa mapenzi, maskini, hana ubaya. Jirani yake akamsaidia. Punde uwanja mzima unalidai jina lile na kupiga makofi.

Familia iliinamisha vichwa. Binamu mmoja aliziba masikio.

"Huo umewekwa kando," Verna alisema kwenye maikrofoni. "Mwenyewe amefariki. Naomba msimwite."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo mtu huagizia chai. Wa mbele walinyamaza. Wa nyuma walidhani ni mzaha wa jukwaani, wakacheka, wakaanza kuuimba wenyewe. Akamwona mama mdogo anasimama na kukunja kiti chake. Uwanja wote ulikuwa mkononi mwa Verna. Angegusa nyuzi tu, na mwaka mzima wa mialiko ungerudi. Akavua gitaa, akalilaza chini, akashuka ngazi.

Craig alimkimbilia. "Verna, dakika moja tu. Watu wamewaka kule."

"Waache wawake."

Yeye na familia walitembea kuelekea kwenye gari, nyuma yao wimbo unaendelea bila mwenyewe, maneno yote sawasawa, hata pale ambapo Verna huvuta pumzi.

"Wanaujua wote," mama mdogo alisema.

"Wote."

"Wapumbavu hawa. Wanaimba vizuri."

Watu wakaingia, wakabanana. Mama mdogo akashika usukani, akawasha. Verna alibaki nje ameshika mlango wa nyuma. Kutoka uwanjani kikafika kiitikio cha mwisho, umati mzima usiojua unasema nini: nisubirini, naja.

Gari linanguruma, na hakuna aliyesema twende.

"Verna," mama mdogo aliita polepole. "Funga mlango, mwanangu."

"Bado kidogo."

Macho yake yalikuwa kwenye njia ya kutokea uwanjani. Akaufungua mlango zaidi, kama alivyokuwa akimshikia dada. Mama mdogo akamtazama kwenye kioo, akazima gari, wakasubiri.