Kura ya Subira

Maneno ya kumtoa mtu kundini Subira aliyajua yote, maana alizaliwa akiyasikia. Babu zao watu wa Majengo pale Nyeri walikuja wakiwabebea Wazungu mizigo, wakaoa hapo, wakazikwa hapo, na bado wajukuu wao waliitwa watu wa kuja. Ukienda mtoni kuteka maji, waambiwa ungoje wenyewe wamalize. Ukiuliza shamba la kukodi, waambiwa huyu si wetu. Kwa hiyo rafiki yake Kabura alipomwingiza katika kikundi cha mabati, miaka michache baada ya uhuru, Subira alishukuru kwa mdomo, moyoni akakaa chonjo. Wasiwasi ndio akili, wanasema, na mwanamke huyu alijaliwa akili kupita kiasi.

Kazi ya kikundi ilikuwa kuchuma kahawa ya watu, kununua mabati, na kuezeka nyumba za wanachama kwa zamu, nyasi zitoke. Sasa zamu ilimfikia Subira, na haikumfikia mapema. Paa lake lilivuja hata binti yake Mwanaisha, mwenye kifua kibovu, alilala na beseni juu ya blanketi.

Ndipo wenzake walipoanza kunyamaza. Akifika shambani, mazungumzo yanakatika. Watiri, mwenyekiti wao, mjane ambaye mumewe alifia msituni akipigania uhuru, anageukia Kigikuyu cha harakaharaka. Ngendo, mwanachama mwingine, anacheka meno tu. Subira akawa anarudi nyumbani akihesabu makosa yake, asione kosa, na asipoliona anazidi kuogopa.

Jumatano alikwenda kununua mifupa kwenye bucha ya Athman, jirani yake wa Majengo. Kabla hajazunguka ukuta wa mbao akasikia sauti za Kabura na Watiri ndani. Walisema Kiswahili, kwa kuwa Athman hakujua Kigikuyu.

"Jumamosi ni kura ya Subira," Kabura alisema. "Yeye asijue."

Watiri akaongeza kwamba kikundi kizima kimekubali.

Subira alirudi bila mifupa. Kura! Wampigie kura kwa siri, zamu yake ikiwa mlangoni? Na Athman, Mwislamu mwenzake, anashirikishwa mambo hayo ya nini, kama si kuulizwa siri zake? Jioni alimfuata amuulize. Athman alifuta kisu, akasema mambo ya wanawake waulizwe wanawake, akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma kuliko tusi.

Kesho yake Kabura akaja mwenyewe, mchangamfu. Akauliza kama Subira ana sufuria kubwa, kama atashinda nyumbani Jumamosi, kama majirani wana viti. Subira alijibu kila kitu kwa utamu, huku akikipindua kichwani. Sufuria ya nini? Bila shaka wanataka kujua vyombo gani ni vya kikundi, wavichukue wakishamfukuza. Na viti je? Vya mahakimu. Mtu akishashuku, hata salamu huwa ushahidi.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akimtazama Kabura akiondoka. Uchungu ukamjaa, maana yeye Subira alimpenda huyu.

Silaha alikuwa nayo moja. Kabura alihamia Nyeri kutoka Kianyaga akiwa mjane, na kila mtu alidhani mumewe alifia kizuizini kwa wakoloni. Siku moja ya mvua, wakiwa wawili tu, Kabura alilia akamwambia ukweli: mumewe alikuwa homugadi, alibeba bunduki ya mkoloni dhidi ya watu wa kwao, mpaka watu wa msituni wakamuua.

"Nakuambia wewe kwa sababu hauna upande," alisema siku hiyo.

Ijumaa asubuhi Subira akaenda kwa Watiri. Njiani alikuwa amepanga kudokeza tu. Lakini ulimi wa mtu mwenye hofu hauna breki. Watiri alikuwa akichambua maharagwe, na mkono wake ukasimama. Aliuliza swali moja: hayo yametoka kwa mdomo wa Kabura mwenyewe? Subira akasema ndiyo. Watiri akamshukuru, akarudi kwenye maharagwe yake. Subira akaenda zake mwepesi. Sasa wangekuwa na mtu mwingine wa kumpigia kura, naye abaki na zamu yake.

Jumamosi nyimbo zikasikika bondeni. Wanawake walipanda mlima, mabati vichwani yakimeta, nyuma yao Athman akivuta mbuzi. Kabura alikuwa mbele, mgongoni gunia la mchele.

"Mama Mwanaisha, reo ni kura yako," alisema, jasho likimtiririka. "Kwa Ngendo tukiezeka, urikura viazi tu, kwa sababu nyama haikuchinjwa na Mwisramu. Niriona haya. Reo utakura na sisi."

Kula. Kula! Na Subira ndiye aliyekuwa akimcheka kila siku kwa "mchere" na "marimau" yake.

Alimkimbilia Watiri, akamvuta nyuma ya nyumba, akamsihi asahau maneno ya jana, alikosea.

"Ni urongo?" Watiri aliuliza.

Subira akafungua mdomo, lakini uongo aliouhitaji haukutoka. Watiri alikwisha kuwaambia wengine.

Mabati yakapigiliwa. Mbuzi akaiva. Kabura, ambaye peke yake hakuwa ameambiwa kitu, alimpakulia Subira mbavu nono, akamsimamia mpaka aonje. Watu wakala. Kisha Watiri akanawa, akasimama.

"Tumekura," alisema. "Sasa iko kura ingine."

Akamuuliza Kabura mumewe alifia wapi, na upande upi. Kabura hakumtazama. Alimtazama Subira, kwa sababu katika Nyeri nzima alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Hakukana.

Watiri akasema wanaotaka huyu asiwe wetu tena wainue mikono. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki wa mwenye nyumba. Macho yote yakamgeukia. Subira aliogopa. Aliona vizuri kwamba asiyeinua leo ndiye atakayeulizwa kesho.

Akaweka ubavu sahanini, akainua mkono.