Jumamosi Damponi Tarbell

Jumamosi aliyoondoka Orrin Pruitt, aliondoka kama Jumamosi nyingine zote: mapipa mawili ya taka nyuma ya pikapu, chupa ya kahawa kwenye kiti, na kofia ya sufu iliyotoboka juu ya sikio. Ilikuwa mwisho wa Machi, theluji inayeyuka na barabara ni tope tupu. Mkewe, Avis, alimwambia asichelewe, naye akacheka. Dampo la mji wa Tarbell hufungwa saa sita mchana, na kwa miaka kumi na minane Orrin hakuwahi kutoka pale kabla halijafungwa.

Siku hiyo pikapu ilirudi saa tano na nusu. Kwenye usukani alikuwa Merle, msimamizi wa dampo. Alishuka, akavua glavu, akasimama uani asijue aanzie wapi. Mapipa yalikuwa yameshamwagwa na kusuuzwa. Ni Merle aliyeyasuuza, baada ya gari la wagonjwa kuondoka na mwili wa Orrin.

Orrin alikuwa mjumbe wa Tarbell katika bunge la jimbo, kule mji mkuu, Concord. Kila baada ya miaka miwili alikiomba kiti upya, na kampeni yake ilikuwa pale pale damponi. Milima ile haina gari la kuzoa taka. Kila nyumba hupeleka zake, kwa hiyo mgombea anayetaka watu huwafuata huko. Wagombea wengine walisimama getini na vipeperushi. Orrin alishika mfuko wa mtu upande mmoja, wakaubeba pamoja hadi kwenye kontena, huku akiuliza habari za daraja lililofungwa, za ng'ombe, za kijana aliyekwenda jeshini. Chupa ya mwisho ikishatupwa ndipo alipokuwa anasema, bila haya, "Basi, Novemba nakuomba kura yako." Aliyejibu kwamba atampa mwingine alibebewa mfuko wa pili vilevile.

Mabango yake yalikuwa ya mbao nyembamba, yamepakwa rangi ya kijani, na watu hawakuyatupa. Moja lilifunika kuni za Bernice Quimby. Lingine lilikuwa paa la banda la kuku karibu na kanisa. Majira yote ya joto Avis aliendesha gari akikutana na jina la mumewe nusu nusu, PRU huku, ITT kule, na mara nyingine ilibidi asimame kando ya barabara kwa muda.

Mwezi Juni watu wa chama cha Orrin walikuja kumwomba Avis agombee. Leon Thibault, muuza matrekta ambaye Orrin alikuwa amemshinda mara mbili, alikuwa anagombea tena, na hapakuwa na wa kumkabili. Avis hakuwa mtu wa majukwaa. Alikubali kwa sababu moja, na Merle aliambiwa waziwazi: hakutaka kiti cha Orrin kichukuliwe kabla nyumba haijazoea ukimya.

Kuanzia Septemba alisimama damponi kila Jumamosi, amevaa koti la Orrin lililomfikia magotini. Watu walimjia wakiwa na pai, na mikono ya kumshika, na hadithi. Mmoja alisimulia jinsi Orrin alivyomvuta kutoka mtaroni usiku wa barafu. Mwingine alisema Orrin alimfundisha kupiga gitaa, na Avis, aliyeishi naye miaka arobaini na moja, hakujua kama Orrin aliwahi kushika gitaa. Alirudi nyumbani moyo umejaa, akaanza kuhesabu siku hadi Jumamosi nyingine.

Merle alimwonya kwamba Thibault anaomba kura ilhali Avis anakusanya hadithi. Avis alijibu kwa ukali kwamba watu wanajua kilichomleta. Lakini maneno yale ya kuomba yalikuwa ya Orrin. Akiyatamka kwa ajili yake mwenyewe, pale pale aliposimama Orrin, basi Orrin atakuwa ameondoka kweli.

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi Bernice Quimby alileta magazeti yake ya mwezi mzima. Walikumbushana mambo, wakafuta macho. Kisha bibi yule akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba Jumanne anampigia kura Thibault.

"Wewe, Bernice? Wewe hujawahi kumpenda Thibault."

"Hata leo simpendi. Ila ameniomba. Sisi tangu Septemba ni kulia tu. Nilidhani unakuja kuomboleza, binti. Kwani unagombea kweli?"

"Jina langu liko kwenye karatasi ya kura."

"La Orrin lilikuwepo mara tisa, na mara tisa aliniomba. Mimi sipigi kura makaburini."

Avis alitazama kontena. Nyuma yao foleni ilisogea, mtu akapiga honi.

"Nakuomba kura yako, Bernice."

"Kwa ajili ya Orrin?"

"Hapana. Kwa ajili yangu. Lile daraja lililofungwa nalijua kuliko Thibault."

"Haya. Shika upande huo, haya magazeti mazito."

Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Koti lilikuwa linamzuia kubeba, akalitundika kwenye kibanda cha Merle, akaendelea kwa sweta kwenye baridi ya Novemba. Aliomba kura kwa watu thelathini na wanane. Wawili walimkatalia waziwazi. Wengi walimuuliza habari za daraja, naye akawajibu. Hakuna aliyesimulia hadithi ya Orrin, na Avis hakugundua hilo hadi Merle alipofunga mnyororo getini.

Jumanne jioni karani alisoma hesabu ukumbini. Thibault alikuwa amemshinda kwa kura tisa. Kura zikahesabiwa upya Concord, tofauti ikawa nane.

Kiti ni cha Leon Thibault kwa miaka miwili. Avis hupeleka taka zake kila Jumamosi saa nne, wakati foleni ni ndefu, na hukaa hadi dampo lifungwe, akishika mifuko ya watu upande mmoja.